Magari ya Kale na Maji ya Chumvi: Niliyoyaona Tampa Bay

Watu wa Tampa Bay, ghuba ya pwani ya magharibi ya Florida, Marekani, walizoea kuponea chupuchupu. Septemba 2022 kimbunga Ian kilitabiriwa kuja kwetu, watu wakafunga mbao madirishani wakakisubiri. Kikapinda kusini. Tarehe 28 kikaingia nchi kavu Cayo Costa, jirani na Fort Myers, kikiwa daraja la 4 kati ya 5, upepo wake ukienda kilomita 240 kwa saa, na bahari ikapanda Fort Myers Beach kwa futi 10 hadi 15. Huku kwetu ghuba ilikauka. Maji yalivutwa nje, watu wakashuka kutembea juu ya mchanga ambao siku zote uko chini ya maji. Baada ya hapo nikawa nasikia wenye magari wakisema, "Hapa hapafuriki." Hofu yangu kwa ajili ya magari yao ilianzia hapo. Nimekulia Tanga, na mtoto wa pwani hawezi kuangalia bahari iliyokimbia kiasi kile akadhani haitarudi.

Kazi yangu ni kufufua magari ya kale. Nilianza utotoni gerejini kwa baba, chini ya mwembe, alikokuwa akitengeneza Peugeot 404 na Datsun, na huko nilijifunza kwamba adui mkubwa wa bati ni chumvi. Upepo wa bahari peke yake ulikuwa unatosha kula milango kuanzia chini. Nilipofika Florida nikakutana na Datsun 240Z, gari ambalo wazee wa nyumbani walikuwa wakilisimulia kwa sababu ya Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo mwaka 1973. Ni gari zuri mno, lakini bati lake ni jembamba, na chini ya sakafu yake kuna reli mbili zilizo tupu kwa ndani. Maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Mengi ya ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa 240Z moja ya mzee wa St. Petersburg, mtaa wa Shore Acres, aliyeinunua mwaka 1972 ikiwa mpya kabisa na hajawahi kuiuza.

Kwanza nieleze kwa nini ghuba hii mara hukauka na mara hufurika, maana asiyelijua hili atachanganyikiwa kila mwaka. Vimbunga vya kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Jicho la kimbunga likipita kusini mwa Tampa, upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda baharini na kuyasukuma maji nje. Likipita magharibi au kaskazini, upepo hutoka baharini, na ghuba, ambayo ni pana na ina kina kifupi, hujaa. Kwa hiyo kimbunga kinachopita mbali kikielekea kaskazini kinaweza kukuzamisha, na kinachokupiga karibu kwa upande wa kusini kikakuachia mchanga mkavu. Wenye magari wengi huuliza upepo utakuwa na nguvu kiasi gani. Swali hilo ni la paa la nyumba. Gari lililo ndani ya banda linahitaji uulize maji yatafika wapi.

Kimbunga Helene kilitufundisha hilo Septemba 2024. Jicho lake lilipita baharini zaidi ya kilomita 150 kutoka kwetu, likaenda kutua karibu na Perry usiku wa tarehe 26, daraja la 4. Upepo wa St. Petersburg jioni ile ulikuwa wa kawaida kwa watu waliozoea vimbunga. Hata mwezi haukuwa wa bamvua, yaani wa maji kujaa sana. Usiku bahari ikaingia mitaani. Kipimo cha St. Petersburg kilionyesha maji zaidi ya futi 6 juu ya kiwango cha kawaida cha maji kujaa, na rekodi ya kabla ya hapo, ya kimbunga Elena mwaka 1985, ilikuwa kama futi 4 tu. Watu walikufa ndani ya nyumba zao usiku ule. Naandika habari za magari, lakini siwezi kuzianza bila kulisema hilo, na yeyote atakayebaki Kanda A, eneo la kwanza kuamriwa kuhama, ili alinde gari amekosea hesabu ya thamani.

Yule mzee wa 240Z nilimpigia simu siku mbili kabla. Nikamwambia, "Mzee, nipe ruhusa nije na trela leo, nilitoe." Akanijibu kwa upole wake wa siku zote kwamba kimbunga kinapita mbali na gari lipo juu ya stendi nne. Alikuwa amelipandisha kwa jeki kama nusu mita kutoka sakafuni, kila gurudumu likining'inia, amelifunika na turubai. Ni kazi aliyoifanya kwa upendo, na kwa mvua ya kawaida ingetosha.

Lakini stendi hubeba gari kwa sababu gari ni zito, na ndani ya maji gari si zito. Idara ya hali ya hewa ya Marekani imekuwa ikionya kwa miaka mingi kwamba maji ya futi moja yanayokwenda kasi yanaweza kubeba gari dogo, na futi mbili hubeba magari mengi. 240Z ina uzito wa tani moja na kidogo. Maji yalipofika sakafu ya gari lilianza kuelea, likatoka juu ya stendi, likazunguka ndani ya banda na kugonga rafu za vifaa. Maji yalipotoka likakaa chini, stendi moja ikiwa imetoboa sakafu upande wa abiria. Kwa hiyo ushauri wa kuinua gari kwa jeki siutoi tena kwa mtu anayekaa karibu na bahari. Lifti ya nguzo nne ni jambo jingine, kwa sababu gari linakaa juu ya sahani zake kwa kimo cha mtu na unaweza kulifunga kwa mikanda, ilimradi ujue kwamba futi 15 za Fort Myers zingeipita hata hiyo.

Ile mifuko mikubwa ya plastiki, ambayo unaliingiza gari kisha unafunga zipu, nayo nimeiona ikitumika. Kwa maji ya mvua yanayopanda polepole ndani ya banda lililofungwa, inafanya kazi, na gari nililolitoa humo lilikuwa kavu mpaka kwenye mazulia. Ila gari ndani ya mfuko huelea mapema zaidi, kwa hiyo lazima lifungwe kwa kamba pande zote nne kwenye kitu kisichong'oka, na kila kitu chenye ncha kiondolewe bandani. Maji ya bahari yanayovunja mlango wa banda huja na mbao, misumari na majokofu ya majirani. Mfuko hauwezi kushindana na hayo.

Kinachookoa ni kimo. Mteja wangu mwingine, anayekaa Davis Islands upande wa Tampa, ana magari matatu ya miaka ya 60. Tulipoona tangazo la kwanza la maji ya bahari kutoka Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Miami, ambalo hutolewa kama saa 48 kabla ya hatari, tuliyapeleka kwenye jengo la maegesho la zege mjini. Tampa hufungua baadhi ya majengo hayo kwa wananchi wakati wa vimbunga. Yanajaa haraka, na ndiyo maana nasema tangazo la kwanza. Ghorofa ya chini hupigwa na maji, na ya juu kabisa haina paa, hivyo upepo hurusha kokoto na mabati. Tuliyaweka ghorofa ya tatu, mbali na ukingo, karibu na nguzo ya katikati, yakiwa yameingizwa gia, kabari chini ya magurudumu, breki ya mkono ikiwa imeachiwa ili viatu vyake visigande. Mtaa wake ulizama. Magari hayakupata hata tone.

Nimeona pia watu wakisubiri hadi amri ya kuhama itoke ndipo watafute trela. Wakati wa Irma, Septemba 2017, watu kama milioni 6.5 Florida waliamriwa kuhama, mafuta yakaisha vituoni, barabara za kaskazini zikasimama. Trela iliyobeba gari la miaka 50 kwenye foleni ya namna hiyo ni mzigo kwa familia inayotakiwa kukimbia. Kwa hiyo gari linatangulia, wakati barabara bado nyeupe, na familia inahama baadaye bila kulifikiria.

Kuna jambo moja la bandani ambalo watu hawalipi uzito. Kama una gari la umeme, au hata kigari cha gofu au skuta ya betri za lithiamu, usikiache kwenye banda moja na gari lako la kale. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri hizo huweza kuziwasha moto, wakati mwingine siku kadhaa baada ya maji kutoka. Mkuu wa zimamoto wa Florida alilionya hadharani baada ya Ian, na Helene ilileta moto wa namna hiyo tena.

Sasa kazi ya baada ya maji, ambayo ndiyo kazi yangu hasa. Mzee alinipigia asubuhi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamwomba mambo mawili tu, asiguse swichi na aondoe kichwa cha betri. Mtu aliyeona gari lake limelowa hutamani kusikia injini inaunguruma ili moyo utulie, na hapo ndipo injini nyingi hufa. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda na kukuta silinda imejaa maji, konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni, ndiyo inayopinda.

Barabara zilipofunguliwa tulilichukua kwa trela ya kitanda. Alama ya maji ilikuwa mstari wa matope katikati ya mlango, sawa kabisa pande zote. Nilipofungua mlango, maji yalitoka kwenye kizingiti yakiwa na harufu ya mtaro. Taa za mbele zilikuwa zimejaa nusu. Kwenye karbureta zile mbili, chumvi ilikuwa tayari imeanza kuota weupe kwenye skrubu za shaba, na hata siku mbili hazijapita. Nikatoa plagi zote sita, nikazungusha krenki taratibu kwa spana, mbele, nyuma, mbele. Silinda ya nne ikarusha maji ya kijivu mpaka kwenye boneti. Oili niliyomwaga ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kabla ya yote hayo, lakini, tulikuwa tumeliosha. Hili nalisisitiza kwa sababu mafundi wengi huanza na injini. Chumvi ikikauka ndani ya bodi hufyonza unyevu wa hewa kila siku na kuendelea kula bati hata kama gari lipo mahali pakavu. Dawa yake ni maji matamu, mengi, kwa mpira wa kawaida wa bustani, kabla halijakauka. Mashine za msukumo mkubwa sizitumii siku ya kwanza, kwa kuwa husukuma matope ndani ya maungio na beringi ambako hutayatoa tena. Tulifungua vifuniko vyote vya mpira vya sakafuni, tukasafisha vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa waya, tukaingiza mpira ndani ya vizingiti na kuacha maji yapite mpaka yatoke meupe, kisha tukaonja. Ndiyo, tulionja, kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado na chumvi unaendelea.

Ndani ya gari hatukujaribu kuokoa sponji. Viti vilivuliwa, ngozi ikaoshwa na kukaushwa kivulini, sponji na mazulia vikatupwa, ila vipande vyake nilivipiga picha na kuvipima ili mshonaji apate kielelezo. Joto la Florida huleta ukungu ndani ya siku moja au mbili. Kila kiungo cha waya kilifunguliwa, kikasafishwa kwa spiriti na kupakwa grisi. Gari la kale lina heri hapa, kwani halina kompyuta; platini na koili za kutoa cheche, na waya chache, zinaweza kurudi uhai. Breki zilifunguliwa zote, maana mafuta ya breki hunywa maji. Difu na giaboksi vina vitundu vya kupumulia, na gari likizama navyo hunywa. Tanki likashushwa. Silinda tulizijaza oili nyembamba, tukawa tunazungusha krenki kila siku ili pete za pistoni zisishike kutu.

Tukiwa hapo, gari limevuliwa nusu, ikaja Milton. Zilikuwa hazijapita wiki mbili tangu Helene. Mitaa ilikuwa bado imejaa magodoro na makabati yaliyolowa, na kimbunga kilichofika daraja la 5 ndani ya ghuba ya Mexico kikawa kinaelekezwa moja kwa moja kwetu. Safari hii hakuna aliyesema hapafuriki. Tulilifunga lile gari lisilo na viti juu ya trela, boneti ikiwa imetolewa, tukalipandisha ghorofa ya tatu pamoja na masanduku ya vipuri vyake, kila sanduku na jina. Mzee alikuja mwenyewe kuangalia kabari za magurudumu.

Milton ilitua Siesta Key, kusini mwetu, usiku wa tarehe 9 Oktoba, daraja la 3. Ghuba ikakauka tena kama wakati wa Ian. Lakini mvua ilimwagika St. Petersburg zaidi ya inchi 18 kwa siku moja, na hapo wakaumia watu waliokuwa wamefanya kile walichodhani ndicho sahihi, yaani kuyapeleka magari mbali na bahari. Jamaa mmoja alipeleka gari lake aina ya Mustang la 1966 kwa shemeji yake kaskazini mwa Tampa, mwendo mrefu kutoka ufukweni, nyumba iliyo bondeni karibu na bwawa. Bahari haikumfuata. Maji ya mvua yalifika kwenye viti. Nilipomwuliza kama alitazama mwinuko wa kiwanja, akasema alitazama umbali tu. Ramani za mafuriko za sehemu nyingi za Marekani zinapatikana bure mtandaoni, na simu yako inaweza kukuonyesha uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Tazama hivyo viwili kabla ya kumwomba mtu hifadhi.

Hata hivyo lile gari lilinifundisha tofauti ya maji na maji. Yalikuwa matamu. Tulilikausha, tukabadilisha oili zote na sponji, na kabla ya Krismasi lilikuwa barabarani. 240Z ilichukua zaidi ya mwaka mzima.

Jambo jingine la siku zile ni maji ya kuoshea. Usiku ule wa Milton, St. Petersburg ilifunga maji ya bomba kwa sababu bomba kuu lilikuwa limepasuka. Fundi asiye na maji ya akiba angekuwa anayaangalia tu magari yakikauka na chumvi yake. Sisi tulikuwa tumejaza mapipa. Tangu hapo mapipa hujazwa mwanzoni mwa msimu, pamoja na jenereta ya kuendesha feni, kwa kuwa umeme ukikatika hakuna cha kukaushia.

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi. Marekani bima kubwa ya gari hulipa mafuriko, tofauti na bima ya nyumba. Ila kwa gari la kale hakikisha mkataba umeandika thamani mliyokubaliana, vinginevyo utalipwa kama mwenye gari bovu la miaka 50. Na usingoje, kwani kampuni husimamisha kuandika bima mpya mara kimbunga kinapokaribia. Piga picha gari zima, namba ya chesesi, namba ya injini, risiti, ukaziweke nje ya nyumba.

Mzee bima yake ilikuwa sawa, na wangeweza kulichukua gari likaenda kuvunjwa. Alikataa. Alilinunua tena kutoka kwao, akakubali hati yake iandikwe kwamba liliwahi kuzama, na akaniambia akifa mnunuzi aonyeshwe picha zote za maji, asifichwe kitu. Nilimheshimu sana kwa hilo. Miezi kadhaa baada ya kuliosha tulikata reli ya kulia ili tuone ndani, na pamoja na kazi yote ile tukakuta kutu inaanza kwenye mshono wa mbele, mahali ambapo maji ya mpira hayafiki. Tukazitoa zote mbili, tukatengeneza mpya kwa bati nene kidogo, tukazipuliza nta ndani kabla ya kuzifunga.

Sasa linatembea. Kuanzia Juni 1 mpaka Novemba 30, muda wote wa msimu, halilali Shore Acres. Amekodi nafasi ghorofa ya tatu ya jengo la zege bara, na Jumapili huenda kulichukua, akalizungusha, akalirudisha kabla ya jioni.